Mkate wa Asubuhi ya Mgomo

Kwanza niseme ukweli: Mpishi hakuwa mtu wa kupendeka. Watu wakisimulia habari za waliowapigania hupenda kuwapaka mafuta, wakawafanya wapole na wenye subira. Huyu alikuwa mkavu kama ukoko na mwepesi wa kununa, na akikununia leo unaweza kuzaa mtoto, mtoto akaanza kutembea, yeye bado amekununia. Nilifanya naye kazi miaka saba katika hoteli moja ya Wazungu pale Mbeya, mimi karani wa mapokezi, yeye jikoni, na katika miaka yote hiyo alinisifu mara moja tu. Siku hiyo nilikuwa nimenyamaza.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya vyumba kumi na viwili, paa la bati jekundu, bustani mbele na nyumba zetu sisi wafanyakazi nyuma, uani, zimepangwa mstari mmoja kama mabehewa. Wageni walikuwa wasafiri wa barabara kuu, maafisa wa serikali, wahandisi wa madaraja, na wakulima wa kahawa waliokuja mjini kunywa na kulalamika. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu wa mlima Loleza ulishuka mpaka mlangoni, na moto wa sebuleni uliwashwa tangu alasiri. Uani kwetu baridi ilikuwa ileile, ila bila moto.

Mpishi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, na hakuvaa aproni. Alisema aproni ni ungamo la mtu anayejua kwamba atachafuka. Na kweli hakuchafuka. Sijui alifanyaje, maana nilimwona akichinja kuku sita na kukoroga mchuzi wa nyanya asubuhi hiyo hiyo, na kanzu ikabaki kama imetoka kwenye kamba.

Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zote, na kila asubuhi alikaanga nyama ya nguruwe kwa ajili ya wageni. Kikaango chake kilikuwa na msumari wake ukutani, na uma wake ulifungwa uzi mwekundu ili mtu asiuguse kwa makosa. Kuna mgeni mmoja aliyeifurahia nyama hiyo hata akaomba Mpishi aitwe ampe mkono. Mpishi alikuja, akaupokea mkono kwa adabu zote, akarudi jikoni akanawa mpaka viwiko. Siku moja nikamuuliza anajuaje kama imeiva vizuri na hajawahi kuionja maishani mwake.

“Karani,” akasema, “wewe unawaandikia watu barua kwamba chumba namba tatu kina mandhari nzuri. Umewahi kulala humo?”

Hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu. Ukimuuliza swali unarudi na swali lako mkononi, limechongwa ncha.

Kwa wasaidizi wake alikuwa mgumu kupita kiasi. Alikuwa nao wawili, watu wazima wenye wake na watoto, na bado aliyainua maganda yao ya viazi dirishani mmoja mmoja kuangalia kama mwanga unapita. Ganda lisilopitisha mwanga aliliita wizi. Mchele alitaka wa Usangu tu, na akiletewa mwingine alijua kabla gunia halijafunguliwa. Hakuna aliyepumzika jikoni mwake. Ajabu ni kwamba huyohuyo, kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi, ndiye aliyesimama kudai mapumziko ya mchana kwa wafanyakazi wote wa majumbani na mahotelini. Msaidizi mmoja alimkumbusha jambo hilo siku ya pili yake, akiwa na kisu mkononi na rundo la karoti mbele yake. Mpishi akamwambia, “Jana ulikuwa unaongea na mwenyekiti. Leo unaongea na mpishi. Mpishi hana habari za mkutano.” Yule bwana akaendelea na karoti zake.

Sasa nieleze habari ya Dobi, kwa sababu huwezi kumweleza mmoja ukamwacha mwingine.

Dobi alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye haraka. Alifua na kupiga pasi shuka zote za hoteli, vitambaa vya meza na nguo za wageni, na kwa pasi zake za mkaa alikuwa na desturi ya kupita jikoni kuchota makaa yaliyokwisha kuwaka. Ilikuwa desturi ya siku zote, hakuna aliyeikataa. Ila siku moja, kabla ya Krismasi, aliingia wakati Mpishi ameenda kuswali, akachota makaa mengi, naye hakujua kwamba ndani ya jiko kulikuwa na keki kubwa ya sikukuu. Jiko likapoa. Keki ikadidimia katikati, ikawa na shimo ambalo paka angeweza kulala.

Mpishi hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alifunga mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo hakumsemesha Dobi neno hata moja. Dobi naye akakasirika kwa kukasirikiwa, akawasha moto wake mwenyewe uani kwa kuni za mkaratusi, na upepo wa Mbeya, ambao hauna upande wowote, ukaupeleka moshi moja kwa moja dirishani kwa Mpishi. Ikawa miaka sita. Walikula uani pamoja, walipanga foleni moja ya maji, na wakiwa hatua mbili kutoka kwa kila mmoja walitumiana maneno kupitia sisi.

“Mwambieni huyo bwana vitambaa vya meza vinatakiwa saa sita.”

“Mwambieni huyo mzee mimi nina masikio.”

Mke wa Dobi na mke wa Mpishi, kwa upande wao, walikuwa marafiki wakubwa na walisukana nywele kila Jumapili. Hilo liliwaudhi waume wote wawili kwa kiasi kilekile.

Chama kilifika Mbeya kwa basi. Alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye mkoba wa ngozi na sauti ya kukauka kwa vumbi la safari, akakutana na wapishi, madobi, mayaya na watunza bustani nyuma ya duka la muuza vitambaa huko Mwanjelwa. Aliongea saa nzima juu ya umoja. Watu walipiga makofi. Mpishi hakupiga. Alingoja mpaka mwisho, akainua mkono, akauliza kama chama kinaweza kumfanya bwana amsikilize mtu kabla ya kumfukuza. Kijana akajibu kwamba hilo ni mojawapo ya mambo mengi. Mpishi akasema mengine yangoje, amwandike kwa hilo.

Sababu yake aliwahi kunieleza. Kabla ya Mbeya alimpikia Bwana mmoja ambaye siku ya karamu alikuta sahani ya nyama iko tupu. Bwana hakuuliza. Alimwonyesha Mpishi mlango mbele ya wageni wake wote, na kufika jioni Mpishi alikuwa barabarani na sanduku lake kichwani. “Mbwa ndiye aliyekula,” aliniambia. “Nilimwona na mafuta mdomoni. Mimi nikaondoka, mbwa akabaki kazini.” Alisimulia bila kutabasamu, na mimi nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya.

Walimchagua mwenyekiti wa tawi kwa sababu ya ukali wake, naamini. Aliendesha mkutano kama alivyoendesha jiko. Mtu akichelewa alikuta mlango umefungwa. Mtu akisema jambo lililokwisha kusemwa alikatizwa. Kazi ilikuwa kwa Dobi, ambaye pia alijiunga, na ambaye alipenda kuongea kuliko mtu yeyote Mbeya nzima. Mwenyekiti hawezi kumnyima mwanachama nafasi. Na Mpishi hawezi kumtaja Dobi. Basi Dobi akajizoeza kukaa dirishani, na kila akiinua mkono Mpishi alitazama juu ya kichwa chake, akatamka, “Mwanachama wa dirishani ana nafasi.” Dobi alisimama na kusema kwa kirefu, macho yake yakiwatazama wote isipokuwa meza ya mwenyekiti. Mpishi alimpa muda wake wote bila kupunguza hata kidogo, na mara mbili nilisikia akimkemea mtu aliyemkatiza.

Nasema nilisikia, kwa kuwa nilihudhuria kama mtazamaji. Sikuwa mwanachama. Nilivaa tai, nilijua Kiingereza, na nilijiona niko mahali fulani katikati ya ofisi na uani. Leo naona nilikuwa mwoga, basi.

Mwaka wa sita wa kununiana, mwezi wa Julai, Memsahibu, mke wa meneja, alikuta kitambaa chake cha meza kimeungua. Kilikuwa cha nakshi, cha mama yake, kilikuja naye kutoka kwao. Alama ya pasi ilikuwa katikati kabisa, ya kahawia, imejichora vizuri. Dobi aliitwa, akaonyeshwa, akaambiwa aondoke na kabla ya jua kutua awe ametoa vyombo vyake uani. Hakupewa nafasi ya kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama mezani kwangu, nikaona yote. Alitoka akiwa bado ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Habari ilifika jikoni kabla yangu. Kila mtu alitazama kumwona Mpishi atafurahi kwa namna gani. Mmoja wa wasaidizi alithubutu hata kusema, “Leo moshi umekwisha.” Mpishi alikuwa anakata vitunguu. Aliweka kisu chini.

“Ameulizwa?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Hata neno moja?”

“Hata neno moja.”

Akavua kofia, akaikung’uta, akaivaa tena. “Huenda amekiunguza,” akasema. “Namjua, ana haraka, na mtu mwenye haraka huunguza. Hilo si langu. Mimi nauliza nani alimuuliza.” Kisha akamwambia msaidizi amalize vitunguu, akaenda kubisha mlango wa meneja.

Alinichukua mimi nikatafsiri. Meneja alijua Kiswahili, cha kuamuru, na alikitumia siku zote, lakini Mpishi alikataa kuongea naye kwa lugha hiyo. “Kiswahili cha Bwana kina lete, ondoa na upesi,” akasema. “Hakina kwa nini. Bwana aseme Kiingereza chake, mimi niseme Kiswahili changu, Karani atuweke sawa.” Nilitafsiri hilo kwa kulilainisha kidogo. Meneja akacheka, akasema Dobi amekwisha kwenda na mazungumzo yamekwisha.

Dobi, mkewe na mama mkwe wake mgonjwa walilala Mwanjelwa kwenye ghala la yule muuza vitambaa, na Julai ya Mbeya kila mtu anaijua. Mke wa Mpishi ndiye aliyewapelekea blanketi. Jumamosi tawi likakutana. Dobi alisema kutoka dirishani, safari hii kwa kifupi: “Mimi ile kitambaa sikuchoma. Nimeikuta na alama, nikasema nitamwambia Memsahibu, sikupata nafasi. Sasa mama wa mke wangu anakohoa kule kwenye gunia. Ndiyo hiyo tu.” Mpishi akauliza nani anakubali kwamba wafanyakazi wote wa hoteli wasiingie kazini kuanzia Jumatatu mpaka mwenzao arudishwe. Mikono yote ikainuka.

Mmoja akasema kwa sauti, “Hata wewe, Mwenyekiti? Kwa huyu?”

“Chama si urafiki,” Mpishi akasema. “Ningetaka urafiki ningekaa nyumbani.”

Sasa nafika penye uchungu.

Mkate wa hoteli ile ulikuwa wa Mpishi mwenyewe. Hamira aliitengeneza kwa viazi na sukari, akaitunza kwenye chupa, na kila jioni akishamaliza chakula cha wageni alikanda unga wa kesho, akaufunika kwa blanketi la zamani karibu na jiko ili usishikwe na baridi. Alfajiri ulikuwa umeumuka, tayari kuingia motoni. Alifanya hivyo kila jioni tangu nimjue, Ijumaa, Idi, hata jioni ambayo mwanawe aliugua sana. Jumapili ile jioni alisafisha jiko kama mtu anayeaga. Alipanga visu, akapangusa meza, akafunga makabati, akamkabidhi meneja funguo kwa heshima na kumwambia kesho hatakuwepo. Na katikati ya hayo yote, mikono yake ilikanda unga.

Hakukumbuka. Naapa hakukumbuka. Nilimwona asubuhi ile amesimama barabarani mbele ya lango la hoteli pamoja na wenzake wote, kanzu imenyooka, akiongea na wanawake wa usafi kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, na uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Mimi nilikuwa ndani. Sikugoma; sikuwa mwanachama, nimeshasema. Nilibeba masanduku ya wageni mwenyewe na tai yangu.

Saa mbili harufu ikatoka. Kila mtu pale langoni aliijua. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja kuelekea hotelini, halafu kuelekea kwa Mpishi. Na Mpishi, nilimwona akifungua mikono yake na kuitazama.

Memsahibu alikuwa ameukuta unga chini ya blanketi, akauchoma mwenyewe, na wageni walikuwa wanakula. Alitoka barazani na sinia la mikate, akaniita. “Mwambie Mpishi mkate umetoka vizuri,” akasema. “Mwambie tunamshukuru kwa kutotusahau.” Mpaka leo sijui kama alikuwa anachoma watu au alishukuru kwa dhati. Wazungu wengine walikuwa na njia ya kufanya yote mawili pamoja. Ningeweza kukataa. Ningeweza kubadilisha maneno, mara ngapi nilikuwa nimelainisha maneno ya watu! Nilisimama barazani nikayatafsiri kwa sauti, neno kwa neno, watu ishirini wakasikia. Hilo sijajisamehe.

Mhudumu mmoja wa meza, mweita mrefu, ndiye aliyeanza. “Mwenyekiti gani huyu? Sisi tunakaa na njaa, yeye anawakandia mkate!”

Mwingine akasema wameuzwa. Dobi alikuwa nyuma yao wote. Hakupiga kelele. Alimgeukia mweita akasema, “Mwambieni huyo mzee mimi nimefukuzwa pamoja na mke wangu na mama mkwe. Yeye anapika.”

Mpishi akapanda juu ya jiwe la lango. “Nimekanda mimi,” akasema. “Sikutumwa na sikununuliwa. Ni mikono, nilikuwa nafunga jiko nikakanda. Ni kosa, na ni langu. Nivueni uenyekiti sasa hivi mkitaka, mchagueni mwingine hapahapa. Lakini asirudi mtu kazini leo. Mkirudi kwa kunikasirikia mimi, huyo wa dirishani atakuwa amepotea bure.”

Hawakumvua. Ila hawakumsogelea tena. Siku tatu zilizofuata walikaa langoni kwa makundi, wakigawana uji uliopikwa na wake zao, na yeye alikaa peke yake upande wa pili wa barabara kwenye mtaro, na mkewe alimletea chakula chake peke yake. Nilimtazama kutoka dirishani kwangu kila nilipoinua kichwa. Hakuondoka hata mara moja kabla ya jua kutua.

Siku ya tatu hoteli ilikuwa imeshindwa. Shuka zilijaa mpaka kwenye ukumbi, Memsahibu alikuwa ameungua vidole, msafara mkubwa wa wageni ulikuwa unakuja mwisho wa wiki, na afisa wa kazi wa serikali alikuwa amepita kuuliza maswali. Meneja akamwita Mpishi, na mimi katikati. Tulikuwa watatu tu chumbani, mlango umefungwa.

Meneja alisema Dobi atarudi kesho, pamoja na nyumba yake. Lakini hawezi kuendesha hoteli ambayo jikoni kuna mwenyekiti. Mpishi aondoke, mwenyewe, kwa hiari yake, kimya. Akikataa, basi wote wabaki nje na ataleta watu wapya kutoka Rungwe hata kama itamgharimu mwezi mzima.

Nilitafsiri. Mpishi alitazama zulia.

“Mwambie nakubali,” akasema, “akiongeza jambo moja kwenye karatasi. Kuanzia leo mtu hafukuzwi hapa kabla hajasikilizwa mbele ya wenzake wawili. Atie sahihi, na nakala ikae na chama.”

Meneja alifikiri, akatia sahihi. Naamini aliona ni bei ndogo.

Tulipotoka nilimshika Mpishi mkono kwenye ukumbi, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nikamwambia nitakwenda langoni sasa hivi niwaeleze. Nilikuwa karibu kulia.

“Ukiwaeleza,” akasema, “watagoma tena kwa ajili yangu. Unawajua, wana haya, wataona lazima. Na unga wa uji umekwisha majumbani, nimeona. Watashindwa, na yule bwana atarudi kwenye ghala. Wewe umesikia mkataba. Kimya ni sehemu yake.” Akaangalia tai yangu. “Kunyamaza unaweza.”

Langoni alisoma karatasi kwa sauti kavu kama anasoma orodha ya sokoni. Watu wakashangilia, wakambeba Dobi juujuu, mweita mrefu akacheza. Hakuna aliyembeba Mpishi. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Iringa na mkewe na masanduku mawili. Uani wakasema aibu ya mkate imemkimbiza. Mke wa Dobi alilia kwa kumkosa mwenzake, na Dobi akamwambia anyamaze, mwoga akiondoka humlilii.

Nikanyamaza. Nilijiunga na chama wiki iliyofuata, nikalipa kiingilio, nikakaa nyuma. Hiyo ndiyo toba niliyoweza. Naandika haya leo kwa kuwa Mpishi na Dobi wote wawili wametangulia mbele ya haki, na hakuna tena kazi ya mtu yeyote inayoweza kupotea kwa maneno yangu.

Nilimwona mara moja zaidi, miaka mitatu baadaye. Nilikuwa nakwenda Iringa kwa harusi ya dada yangu wa kanisani, na mtu akaniambia kuna nyumba ya wageni ya Mgiriki mmoja, karibu na soko, ambayo supu yake wakulima wa tumbaku wanaisafiria. Nikajua. Nilizunguka nyuma, nikapita kwenye kuni na ndoo, nikamkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, na chembe za mchele zilikuwa zinarukaruka bila yeye kupeta. Kanzu ilikuwa nyeupe.

“Kamwene, Mzee,” nikamsalimu kwa salamu ya huko.

“Umekuwa Mhehe?” akasema. “Kaa. Usikae hapo, hapo pana majivu.”

Tuliongea habari za mji, mvua, mkewe. Aliniuliza kama barabara ya Igawa imetengenezwa. Alinipa chai kwenye kikombe chenye ufa na hakuomba radhi. Kisha akauliza kama tawi bado lipo.

“Lipo,” nikasema. “Tumefika watu sitini, na hoteli nyingine mbili.”

“Mwenyekiti nani?”

“Dobi.”

Alichagua jiwe moja dogo kwenye mchele, akalitupa. “Anaongea sana,” akasema.

“Anaongea. Lakini anaendesha vizuri. Mtu akichelewa hufunga mlango.” Halafu ikanitoka yote. Nilimwambia kwamba kila wakipokea wanachama wapya, Dobi huwasimulia habari ya mkate. Huwaambia kwamba siku ya kugoma msiwe kama Mpishi, moyo wake ulikuwa barabarani na mikono yake ilikuwa kwa bwana. Huwaambia alivyokimbia kwa aibu. Nilimwambia kwamba mimi hukaa pale nyuma nikisikiliza, na kwamba naumia, na siwezi tena. “Miaka imepita, Mzee. Hakuna atakayegoma sasa. Niruhusu nimwambie Dobi, yeye peke yake.”

“Umwambie ili iweje?”

“Ajue. Akushukuru.”

“Akinishukuru atainama,” akasema. “Mimi nimeinama miaka arobaini, asubuhi na jioni, asante Bwana, asante Memsahibu. Sikuingia chamani ili na mimi niwe na mtu wa kuniinamia. Sasa hivi akinitaja anasimama wima, si ndiyo?”

“Anasimama wima.”

Aliweka ungo chini, taratibu, kwa sababu ya mikono. Jikoni mtu alikuwa anamwita, na sahani zilikuwa zimeanza kulia.

“Tangu nimeondoka,” akauliza, “pale hotelini kuna mtu amefukuzwa bila kusikilizwa?”

“Hapana. Hata mmoja.”

“Na hao wapya, akiwasimulia habari yangu, wanasikiliza?”

“Wanasikiliza sana, Mzee. Hakuna anayekohoa.”

“Basi mwache asimulie,” Mpishi akasema, akainuka, akaingia ndani, kwa sababu wageni wa mchana walikuwa wamekwisha kukaa mezani.